Yai Lina Mbegu au Halina? Jinsi ya Kupima Mayai ya Kuku wa Nyumbani

Mayai sita kati ya kumi na mawili yakikataa kuanguliwa, wa kwanza kulaumiwa huwa jogoo. Katika maboma mengi, kuanzia Vihiga hadi Njoro, hukumu yake ni sufuria. Na mara nyingi anachinjwa bure: alipanda vizuri, mayai yakapata mbegu, kisha yakaharibikia rafuni chini ya mabati au katika siku mbili tatu za kwanza za joto. Yai ambalo halikupata mbegu kabisa na yai lililopata mbegu kisha likafa mapema yanafanana ukiyamulika. Yote mawili hung'aa bila kitu ndani. Ili kuyatofautisha lazima uyavunje, tena uangalie mahali pale panapostahili kuangaliwa. Mfugaji asiyefanya hivyo atabadilisha majogoo mwaka mzima, na tatizo likabaki palepale lilipokuwa.

Mbegu huingia lini

Kuku hutaga bila jogoo. Mayai ya kreti yanayouzwa madukani hutoka kwa kuku wa gredi wanaofugwa bila jogoo hata mmoja, kwa hiyo hata ukiyapa joto siku 21 hayatatoa kifaranga.

Palipo na jogoo, mbegu hukutana na kiini mwanzoni kabisa mwa mrija wa mayai, ndani ya kama robo saa baada ya kiini kutoka kwenye ovari. Wakati huo ute haujakizunguka na ganda halipo. Kutoka hapo hadi yai litagwe hupita saa 24 hadi 26. Ndiyo maana jogoo aliyefika bomani leo hawezi kulitia mbegu yai la kesho asubuhi. Hilo limeshafungwa.

Kuku naye ana vijifuko ndani ya mrija wake ambamo huhifadhi mbegu. Akipandwa mara moja, anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa karibu wiki mbili, na wengine hufika wiki ya tatu. Kwa hiyo jogoo mpya akishaingia, anza kuweka mayai ya kuangua kuanzia siku ya 7 hadi ya 10. Jogoo akifa au akiuzwa, mayai ya wiki moja inayofuata bado ni ya kutegemewa. Ya wiki ya pili hupungua nguvu siku baada ya siku. Na ikiwa umebadilisha jogoo kwa ajili ya damu, tuseme umeleta jogoo wa kienyeji aliyeboreshwa na KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha na hutaki vifaranga wa jogoo wa zamani, mwondoe wa zamani kisha subiri wiki tatu kamili kabla ya kuweka yai hata moja la kuangua.

Yasiyopima mbegu

Umbo la yai halisemi lolote kuhusu mbegu, liwe la ncha kali au la duara. Kulitia yai majini hupima umri wake: la zamani huelea kwa sababu nafasi ya hewa imekua. Tone la damu kwenye kiini linatokana na kimshipa kilichopasuka ndani ya kuku wakati yai linatengenezwa, na hutokea hata kwa kuku ambaye hajawahi kuona jogoo. Nyuzi mbili nyeupe nzito zilizojisokota pembeni mwa kiini, ambazo watu wengi huziita mbegu ya jogoo, ni sehemu ya ute na kazi yake ni kukishikilia kiini katikati. Ziko kwenye kila yai.

Na hakuna tochi, hata iwe kali namna gani, itakayokuonyesha mbegu kwenye yai bichi ambalo halijapata joto. Anayekuuzia mayai sokoni akakuambia ameyamulika na yote yana mbegu, amemulika nyufa tu.

Njia ya kwanza: kuvunja mayai mabichi

Kipimo hiki hakigharimu kitu kwa sababu yai unalolivunja unalila. Yai bichi lenye mbegu lina ladha ileile na lishe ileile, na halianzi kuwa kifaranga bila joto. Okota mayai kila siku, uyaweke mahali pa baridi, na hutakutana na kitu chochote cha kukutia kinyaa.

1. Chagua mayai ya siku hiyo au ya siku mbili tatu zilizopita. Yai likikaa sana utando wa kiini hulegea, kidoa unachokitafuta hufifia, na utakuwa unabahatisha.

2. Andika kwa penseli ni la kuku yupi, kama unawajua. Usitumie kalamu ya wino. Ganda lina vitundu na wino hupenya.

3. Livunje taratibu kwenye sahani bapa, polepole ili kiini kisipasuke. Sahani ya rangi nyeusi au ya buluu haina shida, kwa maana unaangalia juu ya kiini, si pembeni. Pasipo na sahani, kifuniko cha sufuria kinatosha.

4. Subiri sekunde chache. Upande wa kiini wenye kidoa ni mwepesi kuliko upande mwingine, kwa hiyo mara nyingi hujigeuza wenyewe juu. Usipokiona, kisukume kiini kwa mgongo wa kijiko mpaka kizunguke.

5. Toka nje au simama dirishani. Mwanga wa jua, au kivuli cha mchana, huonyesha vizuri kuliko balbu ya jikoni. Inama karibu.

Utaona kidoa cheupe juu ya umanjano. Kila yai lina kidoa hicho, na hapa ndipo wengi hukosea: wanaona weupe na kutangaza kwamba mbegu ipo. Unachotafuta ni pete.

Yai lisilo na mbegu lina kidoa kidogo cha milimita 2 hadi 3, cheupe kizito hadi katikati, na kingo zake hazikunyooka, zimechanika chanika. Yai lenye mbegu lina kidoa kikubwa zaidi, kama milimita 4 hadi 5, cha mviringo uliokamilika. Ukingo wake ni mweupe, katikati pamepauka hivi kwamba umanjano wa kiini unaonekana, na wakati mwingine kuna kinukta cheupe katikati kabisa. Sababu ni kwamba yai linapotagwa, kiinitete kimeshakaa ndani ya mwili wa kuku karibu siku nzima kikigawanyika, na tayari kina maelfu mengi ya seli. Seli za katikati zimetandazwa nyembamba, ndiyo maana pale panapitisha rangi. Za ukingoni zimelala moja kwa moja juu ya kiini, ndiyo maana panabaki peupe.

Kama jicho lako bado halijazoea, nunua yai moja la kreti dukani na ulivunje kando ya lako. Hilo la dukani halina mbegu, kwa hiyo litakuonyesha kidoa kitupu kinavyofanana. Ukishaviona viwili hivyo pamoja kwenye mwanga mzuri, hutavichanganya tena.

Yai moja halitoshi kutoa hukumu, wala matatu. Kwa wiki moja au mbili, kila yai linaloenda kwenye kikaango liangaliwe kwanza, na uandike kwenye kalenda ya ukutani: pete au hakuna. Ukifikisha mayai 20 una jibu la kutegemea. Zaidi ya 17 yakiwa na pete, jogoo wako anafanya kazi, na tatizo la kuangua litafutwe kwingine. Yakiwa chini ya 14, shughulikia jogoo kabla ya kupoteza mayai mengine. Na ukitazama majina ya kuku uliyoandika, huenda ukakuta yasiyo na pete yote ni ya kuku wawili tu. Jogoo ana wapenzi wake, na wapo anaowaruka.

Kipimo hiki pia kinakulinda sokoni. Ukinunua mayai ya kienyeji Kibuye au Luanda kwa ajili ya kuangua, ongeza matano ya kuvunja. Wachuuzi hukusanya kutoka maboma mengi na kuchanganya, kwa hiyo matatu yenye pete kati ya matano hayakuambii mengi kuhusu yaliyobaki. Lakini matano yote yakikosa pete, yaliyobaki yapike.

Kuyatunza hadi siku ya kuyatia joto

Hapa ndipo mbegu nyingi nzuri hufia, na ndipo jogoo husingiziwa zaidi.

Kiinitete husimama yai linapopoa baada ya kutagwa. Likibaki kwenye nyuzi 13 hadi 18, kinalala salama. Joto likipanda kupita nyuzi 21 hivi, kinaanza kuamka polepole, na joto linalopanda mchana na kushuka usiku humaanisha kinaamka na kulala kila siku mpaka kinachoka na kufa, yai likiwa bado kwenye trei. Mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30. Chumba chenye paa la mabati bila dari huwa na joto zaidi ya hapo. Mfugaji wa Nyalenda au Ahero anayekusanya mayai siku kumi juu ya kabati huwa ameshapoteza sehemu kubwa yake kabla hajayaweka chini ya kuku, na anapoyamulika siku ya saba hung'aa kana kwamba hayakuwahi kupata mbegu.

Ukivunja yai lililokaa kwenye joto la namna hiyo utaligundua: pete ipo, lakini imetanuka kuliko kawaida, pengine sentimita nzima, na mara nyingi imepoteza umbo lake la mviringo. Mbegu ilikuwepo. Ni uhifadhi ulioliua.

Kisumu, Busia na Bungoma ya chini, weka mayai sakafuni katika chumba cha baridi zaidi ndani ya nyumba, mbali na jiko na dirisha la magharibi, ndani ya karai lenye mchanga uliolowa kidogo, yakiwa kwenye trei juu ya mchanga huo ili yasiloe. Usikusanye zaidi ya siku 5. Nakuru, Molo na Kericho, sakafu ya chumba cha kawaida inatosha na unaweza kukusanya hadi siku 7. Zaidi ya siku 10, popote pale, kiwango cha kuangua hushuka kwa kasi, na yatakayoanguliwa huchelewa.

Friji ni baridi mno kwa kazi hii. Isitoshe, ukiyatoa mayai ndani yake yanatoka jasho, na unyevu huo huingiza vijidudu kupitia vitundu vya ganda.

Ncha nyembamba ielekee chini, upande wa duara juu. Usioshe yai, ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu. Uchafu uliokauka ukwangue kwa msasa laini, na yai lililopakwa kinyesi kizima lipeleke jikoni. Acha yenye ufa, yaliyopinda, yenye ganda la mikwaruzo na yenye viini viwili. Mayai yaliyosafiri kwa boda boda au matatu yapumzishe saa 12 hadi 24 yakiwa ncha chini, ili nafasi ya hewa irudi mahali pake.

Njia ya pili: kumulika baada ya joto

Kuvunja kunakuambia kuhusu kundi. Kumulika kunakuambia kuhusu yai lenyewe bila kuliharibu, ila lazima liwe limepata joto kamili kwa siku kadhaa.

Vifaa ni hivi: boksi dogo la kadibodi, kwa mfano la viatu vya mtoto, na tochi. Toboa tundu lenye upana wa sentimita 2.5 hadi 3. Sarafu ya shilingi 20 inafaa kwa kuchorea. Zungushia tundu kitambaa laini ili ganda lisigonge kadibodi na mwanga usivuje. Tochi ya simu iwekwe ndani ikielekea juu. Balbu ya zamani inayochemka usiitumie, itapika unachojaribu kukiangalia. Chumba kiwe giza kabisa, kwa hiyo fanya usiku. Usiku kuku anayeatamia pia ni mtulivu na hatapigana nawe sana.

Mayai yote yawe yamewekwa siku moja, yakiwa na tarehe ya penseli. Kama kuku wengine wanaweza kuingia kwenye kiota na kuongeza yao, chora mstari kuzunguka kila yai ulilomwekea kuku. Lisilo na mstari ni la mgeni, liondoe kila jioni. Mayai ya umri tofauti chini ya kuku mmoja huleta fujo tupu unapomulika.

Siku ya kumulika ni ya 7. Kwa mayai meupe au ya rangi ya krimu, kama yalivyo mengi ya kienyeji, jicho lililozoea huona siku ya 5. Yenye ganda la kahawia iliyokolea yaache hadi siku ya 7 au ya 8. Ukiyamulika mapema utaondoa mayai mazima.

Nawa mikono na uikaushe. Chukua yai, weka upande wa duara juu ya tundu, lizungushe polepole, na usizidishe nusu dakika. Kuku mwenyewe huondoka kiotani dakika 15 hadi 30 kila siku kwenda kula, kwa hiyo kupoa kwa muda mfupi hakuui. Kreti nzima ya mayai 30 imalizike ndani ya dakika 20, huku mashine ya kuangulia imefungwa.

Yai lenye uhai litakuwa na nukta nyeusi karibu na upande wa duara, na mishipa myembamba myekundu ikitawanyika kutoka hapo kama miguu ya buibui. Shikilia mkono usitikisike, utaiona ile nukta ikichezacheza. Mwanga wa yai zima huwa na wekundu fulani.

Yai jangavu hupitisha mwanga wa manjano mtupu. Kiini huonekana kama kivuli kinachoelea bila mipaka, na hakuna mshipa hata mmoja.

La tatu lina pete ya damu: mstari mwekundu ulionata ndani ya ganda, wakati mwingine duara zima, wakati mwingine kipande tu. Hili lilikuwa na mbegu bila shaka yoyote. Kiinitete kilianza, damu ikatembea, kisha kikafa, na damu ikarudi nyuma ikakusanyika ukingoni.

Usilolielewa lirudishe na alama ya kuuliza, ulimulike tena siku ya 10. Kwa siku ya 7, shaka yoyote iwe upande wa yai.

Siku ya 14 yai zima linakuwa giza isipokuwa nafasi ya hewa, na mishipa mikubwa huonekana kwenye mpaka. Yai lililokufa katikati huwa na giza la tope linalochezacheza kama maji, na mpaka wake hauna mshipa. Siku ya 18 nafasi ya hewa ni karibu thuluthi ya yai. Mulika haraka, kisha acha kuyageuza na usiyaguse tena. Yai linalonuka, au lenye matone ya kahawia juu ya ganda, litoe kwa mikono miwili bila kulitikisa na ulizike. Viza likipasuka ndani ya mashine huchafua mayai yote.

Vunja yale maangavu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Mayai maangavu ya siku ya 7 hutupwa shimoni, au yanapewa mbwa, na pamoja nayo unatupa jibu ulilokuwa unalitafuta.

Yatoe nje, uyavunje moja moja kwenye sahani. Usiyale wala kuyauza, yamekaa wiki nzima kwenye joto la mwili. Ukikuta kiini kimesimama vizuri na kile kidoa kidogo kizito cheupe chenye kingo zilizochanika, hilo halikuwa na mbegu. Ukikuta doa pana la rangi ya krimu, kubwa kuliko milimita 5 na pengine limefika sentimita moja au mbili, lenye utando mwepesi lakini bila damu, hilo lilikuwa na mbegu na lilikufa ndani ya siku mbili za kwanza. Mara nyingi kiini chake kimelegea na hupasuka kirahisi.

Hesabu mafungu mawili hayo kando. Tuseme uliweka mayai 30 na maangavu yalikuwa 6. Umeyavunja: 4 hayakuwa na mbegu, 2 yalikufa mapema. Basi yenye mbegu yalikuwa 26 kati ya 30, karibu asilimia 87, na huyo ni jogoo mzuri. Mwisho wakaanguliwa vifaranga 20. Kati ya 26 yenye mbegu, hiyo ni asilimia 77. Yaliyopotea baada ya kupata mbegu ni 6, kushinda yale 4 ya jogoo. Kazi yako iko kwenye uhifadhi na joto.

Mafungu yenyewe yatakuonyesha pa kushika. Wengi waliokufa mapema bila damu: mayai yalikaa sana, yalikaa kwenye joto, au yaligongwa njiani. Pete nyingi za damu: joto lilicheza siku za mwanzo. Chini ya kuku, tafuta utitiri na chawa kwenye kiota, kwa sababu kuku anayewashwa huinuka mara kwa mara. Kwenye mashine yenye feni, joto liwe nyuzi 37.5 hadi 37.8, isiyo na feni, pima usawa wa juu ya mayai na uweke nyuzi 38.3 hadi 38.9. Kipimajoto cha mashine za bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kilinganishe na kile cha kupimia homa, ambacho ni sahihi hasa katika kiwango hicho. Stima ikipotea usifungue mashine. Ifunike blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi, kisha umulike siku nne baadaye uone athari.

Wanaokufa katikati, kati ya siku ya 8 na ya 17, mara nyingi huonyesha lishe ya mama. Chakula cha kawaida cha kuku wa mayai kinatosha kutengeneza yai la kuuza, ila vitamini zake huenda zisitoshe kujenga kifaranga. Ongeza majani mabichi kila siku, sukuma, managu au mchicha, pamoja na omena safi isiyo na mchanga, na vitamini za maji kutoka agroveti kwa wiki mbili kabla ya kuanza kukusanya. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo. Vifaranga wanaofia ndani siku za mwisho mara nyingi ni suala la unyevu, hewa na kugeuza.

Ikiwa kweli ni jogoo

Vipimo viwili vikikubaliana, yaani pete chache kwenye mayai mabichi na vidoa vitupu kwenye yale maangavu, mkague kabla ya kumbadilisha.

Mshike usiku umwangalie miguu. Jogoo mwenye kidonda chini ya unyayo au magamba yaliyoinuka kwa utitiri hupanda vibaya au hapandi kabisa. Magamba yapake mafuta ya mgando kila siku kwa wiki mbili. Mafuta hufunika utitiri usipate hewa. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua: ukikata kama kisu, jogoo ana njaa. Majogoo wazuri huita kuku wale kwanza na wao hubaki na makombo, hasa pale chakula kinapowekwa kwenye chombo kimoja. Mlishe kando kila asubuhi. Angalia sehemu ya haja pia, chini ya manyoya, kama pana utitiri.

Idadi ni jogoo mmoja kwa kuku 8 hadi 10. Wawili kwa kuku kumi katika boma dogo watapigana, na kila mmoja atamwangusha mwenzake anapopanda, hivyo kuwaongeza hupunguza mbegu. Jogoo chini ya miezi 6 bado hajakomaa, na akipita miaka 3 nguvu imepungua. Joto kali la Januari na Februari upande wa ziwani pia hupunguza mbegu; kivuli na maji baridi mchana husaidia kuliko dawa.

Kitu kingine kinachowasumbua wafugaji wa magharibi ni damu moja. Jogoo aliyezaliwa bomani akawapanda dada zake na mama yake, mwanawe akarithi boma, kila kizazi hupungua mbegu na vifaranga hufia ndani ya yai. Badilishana jogoo na boma la mbali, si la jirani aliyechukua vifaranga kwako. Mgeni umtenge wiki mbili hadi tatu, umchanje kideri, umwangalie kinyesi na pumzi, kisha umwingize usiku akalale na wenzake.

Kuanzia hapo hesabu siku 10, halafu rudi kwenye sahani na mayai mapya 20.